Tonge la Hitma

“Hivi kweli, Bi Amne, na wewe siku hizi huli hitma za watu?”

Bi Tabia alimuuliza hivyo kwenye ngazi za jumba lao la Michenzani, mkoba wa samaki mkononi, sauti ameishusha kama mtu anayejua kuwa ngazi zina masikio. Bi Amne aliegemea ukuta, akaupumzisha mguu wake wa kushoto wenye kidonda, akamtazama jirani yake huyo aliyepakana naye mlango kwa mlango tangu watoto wao wanatambaa. Akamuuliza nani kasema. Bi Tabia akasema watu. Watu gani? Watu tu, bibi wee, maneno hayana mwenyewe.

Yalikuwa na mwenyewe, na Bi Amne alimjua. Lakini siku ile aliyameza, akapanda ngazi zilizobaki polepole.

Maana Unguja hii wapo wasemao kuwa kusoma hitma, Kurani ya kumrehemu maiti, hakumo katika dini. Hawakai kwenye hitma, na chakula chake hawakigusi. Hayo ni yao na Mola wao, na Bi Amne hakuwahi kugombana nao. Lakini yeye si katika wao. Tangu mumewe Muhiddin atangulie mbele ya haki, hakuna usiku wa Ijumaa uliompita bila ya kumsomea Yasini. Kila mwaka humsomea hitma hapo hapo nyumbani, wanaume msikitini chini, wanawake kwake juu. Pilau huipika mwenyewe, kwa mkono wake, hata mchele akauchagua mwenyewe. Leo aje aambiwe kabadili njia, kwa sababu gani? Kwa sababu kwenye hitma moja huko Kiponda alikula nyama na kachumbari, wali akawaachia wenziwe wa sinia moja. Wanawake wakatazamana. Kabla yeye hajafika kwake, habari ilikwishafika.

Na alikwishawaeleza. Aliwaambia ni maradhi ya sukari, ni mguu, ni daktari. Wakamcheka. Mmoja akamwambia, “Sukari anayo kila mtu Unguja hii, Bi Amne, mbona watu wanakula?” Mwingine akasema wali wa hitma umesomewa, una Bismillahi ndani yake, utamdhuru vipi Muislamu? Hapo Bi Amne alinyamaza, kwa sababu jawabu alilokuwa nalo halikufaa kusemwa mbele ya misahafu. Muhiddin, aliyeugua sukari hiyo hiyo, alikuwa na Bismillahi kinywani kila tonge, na sasa yuko wapi?

Kidonda chake kilianza kama mchubuko wa kiatu, chini ya kidole gumba. Hakikumuuma, na hilo ndilo lililomtisha daktari. Daktari Bashira, binti mdogo asiyependa maneno mengi, alikitazama, akatazama na kipimo cha damu, akamwambia wazi: sukari isiposhuka kidole kitakatwa, na kikishakatwa kimoja, cha pili hakiko mbali. Kisha akamwambia jambo ambalo Bi Amne hakupata kulisikia. Akamwambia samli ale. Nazi ale, tui zito, asiliogope. Mayai, samaki, kuku na ngozi yake, mchicha, bamia, biringani, ale ashibe. Lakini wali, mkate wa boflo, chapati, muhogo, ndizi, mbatata na chai ya sukari avipe mkono wa buriani. Vidonge akampunguzia na kumpangia upya, maana mtu akiacha wanga na dawa zikabaki zile zile huweza kuanguka. Na arudi mara kwa mara kupimwa, asijifanyie mwenyewe.

Bi Amne alitoka pale akicheka kwa uchungu. Miaka yote aliambiwa mafuta ndiyo adui, akawa anakula muhogo wa kuchemsha mkavu kwa kujizuilia, akijiona mtu wa afya.

Basi akaanza. Asubuhi mayai kwa samli. Mchana samaki wa kupaka, tui limekaza, na mchicha pembeni. Siku za mwanzo kichwa kilimgonga, mwili ukamlegea, na harufu ya mkate wa ufuta wa jirani ilimtoa machozi hasa. Akasubiri. Sukari ikaanza kushuka. Kidonda kikaanza kufunga pembeni, ngozi mpya nyekundu kama ya mtoto. Na kubwa kuliko yote, aliweza tena kusali amesimama. Mtu mwingine huenda asione kitu hapo. Bi Amne aliona, kwa sababu Muhiddin miaka yake ya mwisho alisali kitini, halafu kitandani, na kila ikiadhiniwa alikuwa akilia.

Tatizo lilikuwa Idi. Sikukuu ya Idi alimwonea haya shoga yake mmoja, akala kipande cha mkate wa kumimina, kidogo tu, cha kumridhisha. Aliyekaa ubavuni akamletea tambi: mbona cha fulani umekula, changu kina nini? Baada ya tambi kaimati za shira, baada ya kaimati wali wa mchana. Ukikubali mkono mmoja utaukataa vipi wa pili? Wiki ile sukari ilipanda hata macho yakaingia ukungu, na kidonda kikarudi majimaji. Daktari Bashira alikibonyeza, hakumgombeza. Alisema tu kwamba miadi ijayo ndiyo ya kuamua, kama kinafunga au kisu.

Sasa hiyo miadi ilikuwa imekaribia, na kabla yake ikaangukia hitma ya mwaka ya Muhiddin.

Mwenye maneno naye akaja. Wifi yake, Bi Mwanakheir, dada mkubwa wa marehemu, alitoka kwake Mtoni siku tatu kabla, akaingia na mikoba na amri. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kupendwa na watu, na chakula kwake ndicho kilikuwa mapenzi, hakujua namna nyingine. Akafunua sufuria jikoni, akaona kuku anaelea katika tui, akasema kwa mzaha kwamba wifi yake amekuwa mzungu wa Nungwi, anaota jua na kula mafuta. Shahida, binti wa Bi Amne, akaguna akatoka. Mzaha ukaisha hapo. Bi Mwanakheir akakaa kwenye kiti akasema alilolijia.

Alisema ukoo umeaibika. Watu wanasema mjane wa Muhiddin hali hitma, na sasa anawapikia watu hitma asiyoiamini, kama anawacheka. Basi ama siku hiyo akae kwenye sinia, ale wali mbele ya macho ya watu, maneno yafe. Au kuanzia mwakani hitma ya kaka yao itasomwa Mtoni, kwao, na yeye Amne atakwenda kama mgeni mwingine.

Bi Amne alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwonesha mguu. Akakifungua kitambaa, akamwonesha kidonda na ile ngozi mpya. Bi Mwanakheir akageuza uso, akasema astaghfirullahi, funika, nnataka kula mie. Tonge moja tu, wifi. Nani aliyekufa kwa tonge moja?

Siku zile mpaka hitma Bi Amne alichambua mchele, akakaanga vitunguu, akaupika ule wali asioweza kuula, na kila alipouonja chumvi kwenye ulimi na kuutema, hasira iliongezeka. Shahida alimwambia, mama, mwambie basi asije. Akamjibu kwamba ni hitma ya baba yako, haifungiwi mtu mlango. Usiku akasali, akamwomba Mola ampe ulimi mtulivu. Mola anajua zaidi alichompa.

Siku ikafika. Wanawake wakaja na makanga yao, udi ukafukizwa, majuzuu ya Msahafu yakagawiwa. Bi Amne alisoma juzuu yake na ile ya mwisho, ya mtu aliyechelewa. Ikasomwa dua, wakaitikia amina, machozi yakawatoka waliomjua Muhiddin. Kisha masinia ya pilau yakatandikwa ukumbini, watu wakanawa, wakajigawa wanne wanne na watano watano. Bi Amne akaketi kwenye sinia moja na wifi yake na Bi Tabia na jamaa wawili wa Mtoni. Hakujificha. Akaweka mbele yake sahani yake ya samaki wa kupaka, akasema Bismillahi, akaanza kula.

Ukumbi ulimtazama. Vinywa vinatafuna, macho yako kwake.

Bi Mwanakheir akakunja mkono wa kanzu. Akauingiza mkono kwenye sinia, akachukua wali ulioloa mafuta, akautia kipande cha nyama laini, akafinyanga tonge zuri la duara. Akasema kwa sauti ya kusikika na waliokaa mlangoni, “Leo wifi yangu atakula kwa mkono wangu.” Akalipeleka kinywani mwa Bi Amne.

Asiyekuwa wa kwetu atasema, si wali tu? Lakini tonge la mkono wa mkubwa wako halirudishwi. Bibi harusi hulishwa hilo na mama mkwe, ikawa ameingia ukoo. Waliogombana hulishana hilo, ugomvi ukaisha. Kulikataa mbele za watu ni kama kumtemea mtu mate. Bi Mwanakheir alilijua hilo, ndiyo maana hakumpa sahani. Alimpa mkono.

Bi Tabia alinong'ona, “Pokea tu, Bi Amne, yaishe.”

Bi Amne aliutazama ule mkono. Vidole vinene, pete ya akiki, mafuta yanateleza. Aliwahi kuuona mkono ule karibu namna hii, wodini, alipokuwa akigeuka kusali na kumwacha mumewe na dada yake. Akitoa salamu humkuta Muhiddin anatafuna. Wali wa nazi, halua, visheti, kila siku kimoja. Alisema. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, akamwita na muuguzi akasema. Akajibiwa kuwa kaka yetu hatakufa na njaa mbele yetu, na kuwa mke ni nguo, huvuliwa ikavaliwa nyingine, ila ndugu ni damu. Na Muhiddin mwenyewe alikuwa anacheka, anafungua kinywa, kwa sababu mkono wa dada haurudishwi.

“Wifi,” Bi Amne alisema, “mkono huu naujua.”

“Ndiyo uujue. Ni mkono wa ndugu.”

“Ndio uliomlisha Muhiddin. Alipokatwa mguu wa kwanza, ulimlisha. Nikakuomba, nikakulilia, ukaniambia mimi nguo. Alipokatwa wa pili, ukamlisha. Sasa umekuja na tonge langu.”

Hakupandisha sauti. Ilikuwa afadhali angepandisha. Waliokuwa wanatafuna wakaacha.

Bi Mwanakheir alicheka kidogo, mkono bado uko hewani, akawageukia jamaa wa Mtoni kama anayetaka mashahidi. “Mnamsikia? Ananiita muuaji kwenye hitma ya ndugu yangu.”

“Sikukuita kitu. Mauti yamo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, sio mwako. Nimetaja ulichokifanya, na wewe unajua kama ni kweli.”

“Nilimpenda kaka yangu.”

“Ulimpenda. Na mimi unanipenda. Wote mnanipenda, kila mtu ana tonge lake la mapenzi, na wa kukatwa ni mimi. Mwili huu amana, wifi, nitaulizwa mimi, hutaulizwa wewe. Nna miguu miwili na nasimama juu yake kumsujudia Mola wangu. Sikupi hata kidole. Hitma ichukueni, kaisomeni Mtoni, nitakuja nisome na kula nitakula changu. Atakayesema mimi si mtu wa hitma, aseme. Lakini mkono huo uondoe usoni mwangu.”

Bi Tabia aliinamisha kichwa akawa anachezea ndimu kwenye sinia. Shahida alikuwa amesimama mlango wa jikoni na jagi la maji, hakulitua.

Mkono wa Bi Mwanakheir ulikuwa umeanza kuchoka. Punje moja ya wali iliponyoka, ikaangukia mkeka. Akamtazama Bi Amne, akawatazama na wale jamaa wa Mtoni. Akashusha mkono. Akalirudisha tonge kwenye sinia, upande wake mwenyewe, akalibonyeza mpaka likawa wali mtupu. Akanawa kwenye beseni, kidole kimoja kimoja. Akainuka kwa kushika goti, akavaa baibui lake, akapita katikati ya wanawake walioyakunja magoti kumpisha, akatafuta viatu vyake mlangoni, akavivaa, akatoka.