Mtakatifu Mwenye Wigi

Asiyejua maana ndiye wa kuambiwa maana, tena mbele za watu. Mimi, Sesilia, nilimwambia Papa Anatole, mzee wetu na kiongozi wa sala, na Waswahili wote wa Umbilo, mtaa wetu wakimbizi wa Kongo, hawajaacha kunitolea macho.

Medali yake ya shaba, pana kama kiganja, alipewa na padri Mwitaliano kule Bukavu, akavuka nayo vita na mipaka hadi Durban. Upande mmoja mwanamume wa pua ndefu, nywele zimemwagika mabegani. Upande wa pili mwanamke ameshika tawi. Tukasema: mtakatifu na Bikira Maria. Mkatoliki akiona medali iliyotoka kwa padri, huibusu. Nami niliibusu.

Mwaka 1998, Henriette na bintiye Élisabeth, miaka sita, ndiyo kwanza wamefika kwetu kutoka Kongo kupitia Msumbiji, mtoto akashikwa na homa. Papa Anatole akamwekea medali kifuani, akaanzisha novena: siku tisa za sala, na mtoto asitolewe ndani kabla hazijatimia.

Siku ya tano, katika duka la sarafu za kale ninakofanya kazi, nilifungua katalogi. Pua ileile. Nywele zilezile. Mwanamke na tawi lake. Nilisoma mara tatu: mtawala mmoja wa huko Italia, karne ya kumi na saba. Nywele ni wigi. Mwanamke si Maria, ni mfano wa Amani.

Nikatoka mbio na katalogi, hata kuaga sikuaga.

Kwa Henriette, kikundi cha sala kilikuwa kinaimba. Niliifunua katalogi kitandani, kando ya mtoto na medali kifuani mwake.

"Huyu si mtakatifu. Ni mtawala, na amevaa wigi."

Wimbo ulikatika. Henriette alitazama picha, akatazama medali, akarudia picha.

"Papa... iko yeye."

"Funga kinywa, weye wa diploma!" Papa Anatole alifoka. "Unajua kupita padri?"

"Padri alikupa zawadi, Papa. Aliyemtangaza mtakatifu ni wewe."

Élisabeth akajikunja, macho yakageuka meupe. Henriette aliisukuma medali ikaanguka sakafuni, akambeba mwanawe, tukakimbilia barabarani kusimamisha gari.

"Malaria," daktari alisema. "Imeshapanda kichwani. Mlikuwa mnangoja nini?"



Jumapili, Élisabeth akiwa ameanza kunywa uji wodini, Papa Anatole alinisimamisha mbele ya kikundi chote. Nimemvunjia heshima, alisema. Nipige magoti, nimwombe radhi.

"Shikamoo, Papa," nikasema, nimesimama. "Radhi siombi."