Singa za Mkia wa Kijivu

Nilipoinama kumkamua Kijivu nikaona mkia wake umenyolewa. Singa zote nyeupe, zile ndefu za nchani, zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Nikaweka kibuyu chini.

Ng'ombe yule ni wangu. Baba alinipa nilipoolewa hapa Rhotia, na maziwa yake ndiyo yanayomlea mwanangu Patrisi. Kwetu singa hukatwa siku mnyama anapotolewa bomani kwenda kwa watu wengine. Anayemtoa hubaki nazo, ili baraka zisiondoke. Kijivu alikuwa haendi popote. Basi aliyekata alitaka baraka zangu, na sikuhitaji mganga wa kuniambia ni nani.

Kulikuwa na Ndahani, Mgogo wa Dodoma, kibarua wa shamba la kahawa, aliyepanga chumba nyuma ya kilabu cha pombe. Wenzake wakinywa, yeye anachonga vijiti. Nilimtilia shaka tangu siku aliponiomba ngozi ya mbuzi wetu aliyekufa. Mtu mzima anataka nini na mzoga?

Mume wangu Marseli alisema niache maneno.

"Ni panya hao," alisema, hata hakunitazama.

Panya, na kisu. Nikamwona mwoga. Nikaenda mwenyewe kwa Sebastiani, balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwambia mchawi huyo afukuzwe kijijini kabla ng'ombe wangu hajakauka maziwa. Marseli akatufuata nyuma.

Tulimkuta Ndahani ameketi mlangoni na zeze mapajani. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imewambwa juu ya kisanduku cha mti, na mkononi alishika uta wa kulipigia. Nilizitambua palepale singa za Kijivu, zimefungwa kwenye uta huo.

"Mzee Ndahani," balozi alisema, "Mama Patrisi analalamikia hizo singa."

Ndahani hakushtuka. Alikuwa akizipaka utomvu ili zishike nyuzi, taratibu.

"Babu yangu alifunga katani kwenye uta, na nyuzi za zeze akasokota kano za ng'ombe. Siku hizi nyuzi natumia waya wa breki ya baiskeli. Lakini kwenye uta, mama, hakuna kama mkia."

Akaupitisha uta. Zeze likalia kama mtoto anayekataa kulala.

"Nani alikupa?"

"Si mwenyewe huyu?" Akamnyooshea Marseli uta. "Aliniagiza zeze la harusi, Jumamosi, Endamarariek. Nilipige njiani wakati ng'ombe wa mahari anapelekwa ukweni. Akasema singa zitabaki kwake, humu kwenye uta. Nilidhani unajua, mama."

Nyumbani kwetu hakuna wa kuoa. Patrisi hajaota hata meno yote. Nikamgeukia mume wangu, aliyenioa kanisani mbele ya padri. Alikuwa anatazama viatu vyake. Balozi akakohoa.

Nikamwomba Ndahani radhi, na niliona aibu kweli. Kisha nikarudi nyumbani, nikambeba Patrisi mgongoni, nikamfungua Kijivu, nikashika njia ya kwa baba yangu.

Marseli alitufuata mpaka barabarani akisema tuzungumze. Nikamswaga Kijivu mbele. Singa abaki nazo kama alivyotaka, na zeze lake la harusi akalipige mwenyewe.