Mkono wa Kuinua Sindano

Shanbor alikuwa na spika mbili nzuri, amplifaya kuukuu aliyouziwa na kanisa lilipopata mpya, na sanduku zima la santuri. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: mashine ya kuzipigia. Ile aliyoizoea ilibaki mtaa wa Laitumkhrah, katika nyumba ya mkewe, kwa sababu ilikuwa mali ya mjomba wa mkewe, na siku ndoa ilipovunjika Shanbor alitoka na vilivyo vyake tu. Kwa Wakhasi, kabila lao, nyumba ni ya mwanamke na watoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume akiachwa, hutoka kama alivyoingia.

Hakugombana na mtu. Alipanga chumba mtaa wa Mawlai, juu ya duka la madaftari, chumba cha paa la bati ambacho mvua ikinyesha lazima upaze sauti ili usikike. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Aliamka usiku wa manane kukanda unga, na jua likipanda alikuwa keshachoka kama punda wa kinu.

Binti yao, Daphisha, alimjia kila Jumamosi mchana. Kwa kuwa mashine haikuwepo, walikuwa wakizitoa santuri kwenye maganda yake, wakizifuta vumbi, kisha Daphi anasoma majina ya wapigaji kwa sauti, na baba yake anaimba gitaa kwa mdomo. Mwenye duka la chini alidhani mpangaji wake ana wazimu kidogo. Siku moja Daphi, ambaye alikuwa amefika miaka kumi na sita na ulimi wake umeanza kupata makali, alisema, "Baba, hii ni kama kunusa nyama inayopikwa kwa jirani." Shanbor alicheka, ila neno lile lilibaki limemkaa moyoni. Tangu siku hiyo akaanza kuweka akiba.

Ilipofika Mei, matokeo ya darasa la kumi yalikuwa yametoka na Daphi alikuwa amefaulu vizuri. Shanbor akaona hakuna wakati mwingine. Alimwambia Jumamosi hiyo wasikae chumbani, waende kwa Kong Thrina wakachague mashine, na mwenye kuchagua atakuwa Daphi.

Kong Thrina, Kong kwao ni kama kusema dada kwa heshima, alikuwa na duka la vyombo vya muziki vilivyotumika, pembeni mwa soko la Police Bazar. Alikuwa mama mnene, mwenye maneno mengi, na tambuu haikukauka shavuni mwake. Aliwapa kwanza popoo na jani, kama anavyopewa mgeni yeyote, kisha akauliza wana kiasi gani. Shanbor akamtajia. Mama akapumua kwa pua.

"Kwa hizo sikuonyeshi kila kitu," alisema. "Nakuonyesha tatu, na katika hizo tatu utoe moja, usinisumbue."

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya kufunga na kubeba kama mkoba, na spika zake zimo ndani kwa ndani.

"Hiyo inakwangua santuri, Kong," Daphi akasema kabla hajaulizwa. "Sindano yake nzito kama jembe."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma kwenye simu."

"Simu! Mimi nauza hizi tangu mama yako hajajua kujifunga nguo." Lakini aliirudisha ile nyekundu rafuni bila kubisha zaidi, na Shanbor akajua kwamba binti yake amesema kweli. Kifua kikamjaa fahari.

Zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya Kijapani, ya miaka mingi, kitako chake cha mbao na sahani nzito ya kuzungusha santuri. Mkono wake wa sindano ulikuwa mwembamba, na ukitaka kupiga santuri uuinue kwa kidole chako mwenyewe, na ikiisha uurudishe kwa kidole chako mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya plastiki ya kijivu, mfuniko umechubuka, sura mbaya kabisa. Hiyo ilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, mkono unakwenda wenyewe. Upande ukiisha, unainuka, unarudi mahali pake, na sahani inasimama. Bei zake zilikuwa karibu sawa.

Kong Thrina aliweka santuri ileile kwenye zote mbili, zamu kwa zamu, akamvisha Shanbor spika za masikioni. Kwenye ile ya kijivu muziki ulikuwa mzuri, haukuwa na kosa. Lakini kwenye ile ya mbao gitaa la besi, lenye sauti nene ya chini, lilikuwa linatembea kama mtu aliye chumba cha pili, unamsikia hata anapogeuka. Shanbor alifumba macho. Alipoyafumbua akamvisha Daphi, akamngoja, akimtazama uso.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ya mbao ni nzuri zaidi."

"Basi tumemaliza kazi."

"Chukua ya kijivu, Baba."

Shanbor alidhani ni utani. Alimwambia kuwa sasa anaongea kama mtu aliyekula halua akasema chumvi ndiyo tamu. Daphi hakucheka. Akaanza kueleza sababu: kwamba mkanda wa kuzungusha sahani wa ile ya kijivu ni rahisi kupatikana, kwamba ile ya mbao ni kongwe na vipuri vyake vya shida. Kong Thrina akaingilia kati akasema vipuri vya zote mbili anavyo, asimharibie biashara. Daphi akatafuta sababu nyingine. Shanbor akaijibu nayo. Hata mwenye duka akaanza kuona kwamba mtoto anang'ang'ania jambo asilotaka kulitaja.

"Binti, wewe unamchagulia baba yako mashine kama unayemchagulia babu miwani," alisema. "Ana mikono miwili, mwache ainue sindano yake."

"Analala," Daphi akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Enzi za kule Laitumkhrah, kila Jumamosi mchana Shanbor akitoka kwenye tanuri aliweka santuri, akajinyoosha, na kabla upande haujaisha alikuwa anakoroma. Sindano inabaki mwisho wa santuri ikigonga, tak, tak, tak, na Daphi, tangu hajavuka miaka minane, ndiye aliyekuja kwa vidole vya miguu kuuinua mkono.

"Nikilala nini?" Shanbor akasema, akicheka. "Kwani wewe hupo? Si ndiyo kazi yako hiyo tangu zamani?"

Daphi aliitazama ile mashine ya kijivu. Akapitisha kidole kwenye mfuniko wake.

"Sitakuwepo, Baba."

Kong Thrina akageuka, akaenda kupanga nyaya zilizokuwa tayari zimepangwa.

Daphi alisema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mama yake, ambaye alikuwa muuguzi, alikuwa amepata kazi katika hospitali kubwa Bengaluru, mji wa mbali huko kusini. Wanahama wote wawili. Shule imekwisha kupatikana, inafunguliwa Juni. Mama alitaka kumwambia Shanbor mwenyewe, Daphi akamwomba amwachie yeye.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mtihani."

Shanbor akarudi nyuma kichwani, Jumamosi baada ya Jumamosi. Siku walipofuta santuri zote upya. Siku alipomwimbia lile gitaa refu mpaka akaishiwa pumzi, na Daphi akacheka mpaka akatoa machozi. Kumbe siku zote hizo mtoto alikuwa amelibeba hili peke yake, naye baba mtu hakuona kitu.

Angemshika mkono tu, ingetosha. Badala yake uchungu ulimtoka kama hasira. Alimwambia Kong Thrina amfungie ile ya mbao.

"Baba, nakuomba."

"Umesema mwenyewe ndiyo nzuri zaidi. Nyinyi mmeshaamua yenu huko kwenu. Hii niamue mimi."

*Nyinyi. Huko kwenu.* Hakuwahi kumtenga hivyo tangu azaliwe. Daphi aliinamisha kichwa, na njia nzima ya kupanda Mawlai, mvua ikiwapiga, alilikumbatia boksi la mashine chini ya mwavuli, akilikinga kuliko alivyojikinga yeye.

Walipofika chumbani ni yeye aliyeiweka tayari. Aliisawazisha kwa kukunja kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja, akapima uzito wa mkono, akaunga nyaya. Halafu akaweka santuri, na kwa mara ya kwanza chumba kile kikajaa sauti hata mvua ya batini ikawa kama imeombwa ikae kando. Ilikuwa nzuri mno. Shanbor alikaa kitandani, akitaka kusema samahani, akaona aseme santuri ikiisha. Ilipoisha Daphi aliinua mkono wa sindano, akaigeuza santuri upande wa pili, na neno likampita tena.

Jumamosi zilizobaki zilikuwa chache. Ya kwanza alijilazimisha kusimama wima karibu na dirisha ili usingizi usimpate, na walizungumza habari za Bengaluru, kama kuna mvua, kama kuna nyama ya nguruwe inayolika. Alimwomba radhi kwa lile neno la dukani. Daphi akasema alishalisahau, jambo ambalo wote wawili walijua si kweli.

Ya mwisho ilimkuta akiwa hajalala usiku kucha. Palikuwa na harusi mjini na tanuri halikupoa. Daphi alipofika alimkuta amechemsha chai ya rangi, na mikate midogo ya sukari aliyomwokea yeye tu ameiweka kwenye sahani. Alikuwa na mambo ya kumwambia. Alikuwa ameyapanga wakati anakanda unga: kwamba mtoto akiwa wa ukoo wa mama, moyo wa baba haujui habari za ukoo; kwamba asione haya kumpigia simu hata kama hana la kusema. Daphi aliweka santuri. "Kaa, Baba, umechoka," alisema. Akakaa. Akasema moyoni nitafumba macho wimbo huu mmoja tu.

Alipoamka giza lilikuwa limeingia. Mkono wa mashine ulikuwa kwenye kishikilio chake, santuri imerudishwa kwenye ganda, vikombe vimeoshwa. Yeye mwenyewe alikuwa amefunikwa blanketi mpaka shingoni. Daphi alikuwa ameondoka.

Shanbor alikaa na lile blanketi magotini. Hakujilaumu kwa maneno. Alikaa tu, mpaka ukafika wakati wa kwenda kuwasha tanuri.

Siku ya safari alikwenda stendi ya magari yaendayo mji wa Guwahati na mfuko wa mikate ya moto. Lari, mama yake Daphi, alikuwa anasimamia mizigo ikifungwa juu ya gari. Walisalimiana kwa adabu, kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja.

"Ungeniambia mapema, Lari," Shanbor alisema.

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Nisingelala," alisema.

Lari hakuelewa, au alijifanya hakuelewa. Alipokea mfuko wa mikate, akamwita Daphi. Msichana alikuja, akamkumbatia baba yake kwa nguvu, uso kifuani, unga wa koti lake ukamshika kwenye nyusi. Yale yote aliyoyapanga Shanbor hayakutoka. Alimfuta unga kwa kidole gumba, akamwambia akifika asile vya baridi. Dereva alikuwa anapiga honi. Gari likaondoka na abiria wote, naye akabaki anawapisha watu wa gari linalofuata.

Wiki ya pili alikwenda kwa Kong Thrina. Alimwuliza kama ile ya kijivu bado ipo, waibadilishane na ya mbao, naye ataongeza kitu akitakiwa. Kong Thrina aliacha kutafuna. Alimwambia iliuzwa zamani, kwa mwanafunzi mmoja, na nyingine kama ile haijui itapatikana lini. Akamkaribisha popoo. Shanbor akapokea, akala amesimama, akaaga.

Daphi alipiga simu Jumapili moja, sauti yake imechanganyika na kelele za magari ya mji mwingine. Walisalimiana. Alisema shule ni kubwa, wasichana wengine wanamcheka matamshi, lakini amepata rafiki mmoja wa Mizoram, wa milimani kama yeye. Kisha akauliza:

"Na mashine, Baba? Ukilala inakuwaje?"

Shanbor alitazama ile ya mbao, iliyofunikwa taulo tangu siku ile ya blanketi.

"Nilimrudishia Kong Thrina," alisema. "Nikachukua ile yako ya kijivu. Inajizima yenyewe. Mimi nakoroma, haina habari na mimi."

Upande wa pili alisikia pumzi ndefu ikitoka, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Afadhali," Daphi akasema. "Nilikuwa nawaza sana, Baba. Usiku nilikuwa nawaza."

"Usiwaze tena, mama. Soma."

Waliongea kidogo habari za chakula, Shanbor akamtumia mama mtu salamu za adabu, simu ikakatika. Shanbor aliiweka kitandani. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati kwa nguvu, na hapo, kwa kuwa hakuna wa chini ambaye angemsikia, alilia kwa sauti, mtu mzima na unga wake kwenye mikono, mpaka akachoka.