Fimbo Upande wa Kulia

Mimi, Zaidi wa Masuguru, na Fabiani wa Hale tumefahamiana tangu ujana wetu, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kusalimiana ipasavyo. Kisa ni shikamoo. Mdogo humwamkia mkubwa, naye mkubwa huitikia marahaba. Lakini kati yetu haijulikani nani alitangulia kuzaliwa. Vyeti vyetu vya kuzaliwa tuliviandikisha ukubwani, na kila mmoja alijaza mwaka uliompendeza. Kwa hiyo tukikutana sokoni, mimi hukohoa na kusubiri, naye hukohoa na kusubiri, kisha tunaanza moja kwa moja habari za mvua.

Fabiani ni mtani wangu. Babu zake walitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na sisi Wazigua tuna utani nao wa tangu zamani. Ndiyo maana alipokuja kwangu Masuguru akamkuta mjukuu wangu Yusra akicheza gemu la kupigana kwenye televisheni, hakuona haya kusema kwamba shauri letu liamuliwe hapo hapo. Atakayeshindwa atatoa shikamoo hadharani, maisha yake yote. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Siku ile hatukuweza kuamua lolote. Vile vidude vya kushika kwa mikono miwili vimetengenezwa kwa ajili ya vidole gumba laini, na vyetu vimekakamaa kwa jembe na panga. Mpiganaji wangu alirusha mateke ukutani, wa kwake alichuchumaa asiinuke, hadi muda ukaisha. Yusra alicheka mpaka akatoka nje.

Mimi sikusoma shule ya mchana. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na watoto wawili, na jambo kubwa nililojifunza ni kwamba mtu akishindwa na chombo, achunguze chombo kwanza kabla hajajilaumu. Nikachunguza. Kumbe mabingwa wa michezo hii huchezea sanduku lenye fimbo iliyosimama na vitufe kando yake. Yusra, ambaye hutengeneza simu stendi, aliniagizia la bei nafuu kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa la plastiki, jepesi kama kopo tupu. Nikalifungua siku hiyo hiyo.

Sanduku nililitengeneza upya kwa mbao za mninga za kitanda cha zamani, ili litulie mapajani. Yakaja masuala ya springi, ile inayorudisha fimbo katikati ukiiachia. Ya asili ilikuwa legevu. Nikafunga springi ya klachi ya pikipiki. Nilipoivuta fimbo na kuiachia, ilirudi kwa hasira, sanduku likaruka likamwangukia kuku. Nikajaribu ya tochi. Fimbo ikalala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Mwishowe nilipata ya kufuli bovu la mlango, nayo ilikuwa na adabu.

Chini ya fimbo kuna kibati chenye tundu linaloizuia isipite mipaka. Waweza kuchagua tundu la duara, la pembe nane au la mraba. Nilichagua la mraba, kwa sababu kona ni kona: ukifika unajua umefika.

Kilibaki kishikio. Kile cha asili, cha plastiki nyekundu, kilinikera, kilifanana na pipi. Nikapanda basi hadi Handeni, nikaenda Sindeni kwa dada yangu Fatu, ambaye jirani yake huchonga mipini. Nilimwomba anichongee kirungu cha mpingo kinachojaa kiganjani. Fatu akataka kujua ni cha nini. Nikamwambia ni cha kuthibitisha umri wangu. Akaenda kunipikia uji wa wagonjwa, bila sukari.

Niliporudi, Yusra alinikuta nikipima pa kutoboa tundu la fimbo, upande wa kulia.

“Babu, fimbo inakaa kushoto,” alisema. “Dunia nzima inakaa kushoto.”

“Mimi nisalimie watu kwa mkono wa kulia, nile kwa kulia, halafu heshima yangu niitafute kwa mkono wa kushoto?”

Nikatoboa kulia, vitufe nikavipanga kushoto. Nilifanya mazoezi kila siku baada ya alasiri, na mpiganaji wangu akaacha kupiga ukuta.

Fabiani alipofika na mkewe Josefina, nilipendekeza sote tutumie sanduku hilo hilo, kila mtu kwa zamu yake apambane na mashine, na atakayefika mbali ndiye mkubwa. Nilijua mwenzangu halijui, na nilijisifu moyoni kwa busara hiyo. Nilianza mimi. Niliangusha wapinzani wawili, wa tatu, jitu lenye kipara, akanilaza. Si haba.

Fabiani akaliweka sanduku mapajani. Hapo ndipo nilipotazama mikono yake. Fabiani ni mtu wa mashoto. Kwenye mkonge alikata kwa kushoto miaka yote, nami nilimcheka kwa hilo miaka yote. Vidole vyake vya kushoto vilidonoa vitufe kama kuku kwenye mtama. Jitu lenye kipara halikupata hata nafasi ya kupumua. Nilikuwa nimemtengenezea adui yangu silaha kwa vipimo vyake, tena kwa mninga.

Ahadi ni ahadi. Nikasimama. “Shikamoo, kaka Fabiani.”

“Marahaba, mdogo wangu,” alijibu, kidevu juu.

Niliumwa na neno hilo siku kadhaa. Kisha nikafikiri: kama ni mkubwa, atendewe kama mkubwa. Sokoni nilimwamkia kwa sauti mpaka wauza nyanya wakageuka. Nilimshika mkono kumvusha barabara. Kwenye harusi niliwainua vijana wampishe kiti chenye mto, mbali na ngoma. Josefina naye akasadiki kwamba mumewe amezeeka. Akamkataza chumvi, baiskeli na kupanda minazi, kwa kuwa hata Zaidi anamwita mkubwa, na Zaidi mwenyewe si mtoto.

Jana Fabiani alikuja peke yake, kwa miguu, amebeba keekee ya kutobolea mbao. Aliomba tuhamishie fimbo kushoto, tushindane upya. Aliahidi safari hii hatakuwa na haraka ya kushinda.

Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamketisha, nikamwekea mto mgongoni.

“Shikamoo, mzee wangu,” nikamwambia. “Sanduku hilo halitobolewi tena.”

Aliilaza keekee yake sakafuni.

“Marahaba,” akasema.