Namba Iliyoganda

"Ngapi?" niliuliza, bisibisi ikiwa kwenye skrubu ya juu.

"Thelathini na moja," dada akajibu kutoka upande wa pili wa bomba la moshi.

Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja anaelekeza leza, mwingine anasoma ni asilimia ngapi ya mwanga imevuka moshi. Kila gesi humeza rangi yake ya mwanga. Kwa kupima kilichomezwa, mtambo hujua kiasi cha kaboni monoksidi, ile sumu isiyo na harufu. Kwa miaka tisa, upande ule alisimama shemeji yangu, mume wa dada.

Dada alikuja kiwandani kuchukua kofia ya marehemu na chupa yake ya chai. Alinikuta nazunguka bomba peke yangu, nasoma huku, nakaza kule. Akasema chupa haina miguu, itasubiri, akapanda ngazi.

Alinikumbusha jinsi shemeji alivyoniita Daktari wa Moshi, kwa kuwa mtambo huu nilijifunza vitabuni, bila mwalimu. Tukacheka kidogo.

"Ilifika arobaini, sasa thelathini na nne. Imeshuka tena."

Nikairudisha skrubu taratibu. Ndipo akaniambia walichomweleza ofisini, na ambacho watoto wameshakisikia mtaani.

"Mdogo wangu, wanasema alifungua kimlango cha kusafishia masizi bila kutazama namba ya gesi, ikamuua. Mume wangu alikuwa mzembe?"

Tangu msiba nilikuwa na siku kumi na mbili za kujiandaa kwa swali hilo. Nikamweleza kwa mpangilio, kama ninavyojua. Siku ile lenzi ilikuwa imezibwa na masizi, mwanga haukupita. Mtambo ukipofuka hivyo, unaweza kupangwa upige king'ora, au ushikilie namba ya mwisho. King'ora kilikuwa kinatukera zamu nzima. Nikauambia ushikilie. Niliandika hata tarehe kwenye daftari la karakana, kwa mwandiko mzuri. Namba ya gesi aliyoiona shemeji ilikuwa ishirini, namba ya usalama, lakini ilikuwa ya saa mbili nyuma.

"Alitazama, dada. Namba ndiyo ilidanganya, na mimi ndiye niliyeiruhusu."

Bomba lilikuwa kati yetu. Niliona miguu yake tu, chini ya bomba. Haikusogea.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe wa kwanza."

Kisha akasoma: "Thelathini na tano."

Tulihitaji themanini. Honi ya kumaliza zamu ikalia, nikachora alama ya chaki kwenye skrubu, tuanzie hapo.

Ngazini nilimpa mkono. Hakuupokea; akashuka mwenyewe, kipago kwa kipago. Chini akachukua kofia na chupa, akasimama bila kugeuka.

"Kesho asubuhi unaingia ofisini na hilo daftari," alisema. "Nitakuwa mlangoni. Baada ya hapo nitakuja kukusomea namba."