Koo Moja, Wasichana Watatu

Kundi la Asali Tatu liliishi miezi kumi na moja tu, na aliyelianzisha hakuwa mwanamuziki. Alikuwa muuza magodoro aliyegundua kwamba wasichana warembo huuzika haraka kuliko magodoro. Alibandika tangazo, wakaja mia na ushee, akachagua watatu kwa sura: dada na mdogo wake wa miaka kumi na sita, na mcheza dansi mmoja waliyemwita Miguu, ukimwona utajua kwa nini. Aliwataka wamwite Mjomba. Mjomba wa wapi! Mama wa wale ndugu wawili hakuwa na kaka hata mmoja.

Siri ya kundi ilikuwa kwamba aliyejua kuimba ni dada peke yake. Studioni alirekodi sauti zote tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Jukwaani kanda ilipigwa, na wote watatu wakachezesha midomo mbele ya maikrofoni zilizozimwa.

Na kwa kuwa koo lake ndilo lililomlisha Mjomba, dada hakuguswa hata kwa ukucha. Akikosea noti, aliyechapwa ni mdogo wake. Alichapwa kwa waya wa maikrofoni uliokunjwa mara mbili, mgongoni, pale gauni linapofunika. Fundi mitambo, mwoga yule, aliinamia vitufe vyake nyuma ya kioo kana kwamba ameangusha sindano.

"Rudia," Mjomba alisema akihema. "Na safari hii mfikirie mdogo wako."

Basi dada akajifunza kutokosea. Alifanya mazoezi chooni, jikoni, hata akiwa na homa. Alijiambia nyimbo kumi na mbili za albamu zikiisha, wataachwa waende zao. Wimbo wa mwisho aliuimba mara moja tu, safi, bila doa. Mdogo wake alimrukia shingoni, Miguu akapiga vigelegele.

"Zote zimeingia?" Mjomba alimuuliza fundi.

"Zote, bosi."

Ndipo Mjomba akageuka na kumzaba dada kofi lililomwangusha na kumng'oa jino.

"Hilo nimelingoja miezi kumi," alisema, bila hata kukasirika. "Kuimba umeshaniimbia. Sasa nataka mdomo tu."

Akiwa sakafuni, kinywa kimejaa damu, dada alielewa ujinga wake. Kila wimbo alioupatia ulikuwa umewapunguzia kinga, yeye na mdogo wake.

Wiki iliyofuata walikuwa na onyesho la mchana, na uwanja ulijaa pomoni. Nyuma ya pazia mdogo wake alikataa kupanda jukwaani. Vidonda vya waya vilikuwa havijapona, mgongo ulikuwa unatoa usaha, gauni limegandia humo.

"Nakuomba, Mjomba. Leo tu."

Kanda ilikwishaanza na Miguu alikuwa jukwaani peke yake. Mjomba akamkamata mtoto nywele, akambamiza ukutani, kisha akambamiza tena. Dada akanyakua stendi ya maikrofoni, kitako cha chuma kikiwa juu.

Pigo la kwanza lilitua begani.

"We mtoto, una wazimu?"

La pili lilivunja taya. Mjomba alipiga mayowe, lakini nani angemsikia? Spika zilikuwa zinaimba kwa sauti za dada, tamu, zote tatu kwa pamoja, na maelfu ya watu wakiitikia. Alitambaa, dada akamfuata. Aliuponda ule mkono uliozoea kushika waya, kidole kwa kidole, kisha akahamia kichwani. Tusimpambe: alifurahi.

"Dada, basi! Amekufa, dada, basi!"

Hakusikia. Alipiga kwa kufuata mdundo hadi kiitikio kikaisha.

Wimbo ulipokatika, watu walishangilia na kutaka urudiwe. Dada aliitupa stendi, akapangusa damu machoni, akamnyooshea mdogo wake mkono kwa upole wote aliobaki nao.

"Inuka, twende nyumbani. Hakuna atakayekupiga tena."

Mtoto alijikunyata ukutani, mikono yote miwili ikikinga uso.

"Napanda, dada," alisema. "Napanda jukwaani sasa hivi. Usinipige."