Kofia Iliyotangulia Mafiga

Wiki ya dereva wa lori haina Jumapili. Jumatatu anapakia Dar es Salaam, Jumanne anaiona Morogoro kupitia dirishani kama mgeni, na kuanzia hapo siku hupoteza majina yake. Anachokijua ni kwamba leo ni Mikumi, kesho ni Makambako, kesho kutwa Mungu akipenda ni Tunduma. Akigeuza, anaanza kuzihesabu safu zile zile za milima kinyumenyume mpaka aione Uluguru imevaa mawingu, ndipo moyo unamtulia.

Stambuli alikuwa ameyazoea maisha hayo. Aliwahi kuendesha gari la kampuni ya umma, enzi zile ambapo kifaa kikivunjika njiani dereva alisubiri kibali cha spea mpaka wenyeji wakampa shamba la kulima. Kampuni ikafa, magari yakapigwa mnada, na sasa aliendesha Scania ya tajiri mmoja wa Kariakoo aliyejua neno moja tu, nalo ni haraka. Spea zilijaa madukani, mitumba ilijaa barabarani, sabuni zilikuja za kila rangi. Kilichoadimika ni usingizi. Hata hivyo Stambuli hakulalamika, maana mwenye gari bovu na mwenye mdomo mrefu wote hawafiki.

Kilichomuuma ni jina. Pale Mafiga, mtaa wa kwao Morogoro, walimwita Nakuja, kwa sababu kila salamu aliyoituma nyumbani kwa midomo ya madereva wenzake ilikuwa na neno hilo. Mtoto kazaliwa, nakuja. Hitima ya mama yake mzazi, nakuja. Akifika, majamvi yameshakunjwa na kilichobaki ni ukoko. Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

Sasa lilikuwapo jambo la Raya, binti wa dada yake, Mwaisha. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Sheikh humtazama baba, kwa kuwa ndiye walii, msimamizi wa ndoa. Ukoo humtazama mjomba, na kabla hajatamka "nimemtoa" hakuna ndoa inayosogea. Na tumbo la mama yao lilizaa mwanamume mmoja tu. Wakwe walitoka Dakawa, watu wa mpunga, wapole na wenye adabu. Mara ya kwanza walipokuja, Stambuli alikuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Mara ya pili alikuwa Makambako na tairi mbili zimepasuka. Walikula, wakanawa, wakaaga vizuri, lakini mshenga wao aliacha neno. Alisema watakuja mara ya tatu, Jumamosi, tayari kwa ndoa, na wasipomkuta mjomba wataelewa kwamba wamekataliwa, ila Waluguru ni waungwana mno kulisema.

Stambuli aliapa. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Na Ijumaa asubuhi, akiwa ameshashuka mlima Kitonga salama na maharage ya Mbeya mgongoni, gari likapiga kishindo chini ya tumbo karibu na Ruaha Mbuyuni, na krosi ya propela, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini magurudumuni, ikasambaratika.

"Panda basi wewe," alisema Petro, utingo wake, Mkatoliki wa Mgeta mwenye mvi kichwani kumzidi dereva mwenyewe. "Mimi nitabaki na gari."

"Na tajiri akija akakukuta peke yako?"

"Nitamwambia umekwenda kujisaidia."

Stambuli alitabasamu, lakini hakupanda basi. Dereva haachi mzigo njiani. Anayeuacha mara moja hapewi mwingine, na habari zake zinafika Dar kabla yake. Alikaa kwenye kivuli cha tela akiwa amejishika tama. Hasira ilimpanda, kisha ikageuka huzuni, na katika huzuni ile akakumbuka habari aliyosimuliwa na bibi yake. Bibi aliolewa mjomba wake akiwa kwenye mashamba ya mkonge Kilosa, hawezi kutoka. Mjomba akatuma kofia. Kofia ikawekwa kwenye mkeka mahali pake, mjumbe akasema neno kwa niaba yake, na ndoa ile ikadumu mpaka kaburini.

Mchana huo huo alipita Godfrey, dereva mwenzake wa siku nyingi, akishuka Dar. Stambuli alivua kofia yake ya viua aliyoshonewa na Mwaisha kwa mkono, akampa.

"Ipeleke Mafiga kwa dada yangu. Mwambie iwekwe kwenye mkeka mahali pangu. Neno langu ni kwamba nimemtoa."

"Nimemtoa," Godfrey alirudia, akaiweka kofia juu ya dashibodi kwa heshima kama msahafu.

Baada ya hapo Stambuli alipata amani kidogo, na amani nayo huvuta bahati. Kabla ya alasiri kondakta wa basi la Iringa akamletea krosi aliyoiagiza asubuhi, ambayo hakuitarajia mpaka Jumapili. Yeye na Petro wakaingia chini ya gari, wakatoka jua likizama, wamejaa grisi mpaka masikioni. Alfajiri ya Jumamosi wakaondoka. Mikumi walipishana na pikapu iliyofunikwa turubai, imejaza wanaume, na Stambuli akaipigia honi ndefu kwa furaha tu. Aliimba njia nzima. Petro alimwomba anyamaze, akakataa.

Aliliegesha gari Msamvu, akamwachia Petro, akaenda Mafiga kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia. Kwenye uchochoro wa kwao aliona turubai limefungwa, majamvi yametandikwa, watu wamejaa. Akacheka peke yake. Kumbe wamemngoja.

Kisha akaona kanga zimefungwa viunoni na vichwani, na hakusikia kigelegele hata kimoja.

Akajua ni msiba. Aliwaza Mwaisha, mwenye presha. Aliwaza Raya, akashindwa kuendelea kuwaza. Akajikokota akiegemea ukuta wa jirani, na alipokaribia akasikia kitu kilichomchanganya zaidi: watu walikuwa wakicheka. Walicheka huku wakijifuta machozi. Katikati yao alikuwapo Rehani, Mzigua wa Turiani, mtani wa ukoo wao, ambaye kazi yake msibani ni kumwigiza marehemu ili waliofiwa wapumue. Rehani alikaa juu ya ndoo, mfuniko wa sufuria mikononi kama usukani, anakanyaga klachi isiyokuwapo.

"Nakuja," alisema Rehani kwa sauti nzito ya kukwaruza. "Nipo Makambako. Pasheni chai. Imepoa? Ipasheni tena, nakuja."

Kichwani alikuwa amevaa kofia ya viua.

Hapo ndipo Stambuli alipojua msiba ni wa nani. Rehani akakata kona kali kwenye usukani wake, akainua macho, akamwona. Mfuniko ukamponyoka. Akaivua ile kofia, na utani ukamwokoa, kama unavyomwokoa mtani siku zote.

"Hata kufa umechelewa, Mluguru," alisema.

Waliobaki hawakuwa na utani wa kuwaokoa. Mmoja aliangusha sinia la vikombe, wengine walitimua mbio hadi chooni, na bibi mmoja mwenye moyo mkavu aliinama kumkagua miguu asije akawa na kwato. Mwaisha alitoka ndani, akamshika kaka yake uso kwa mikono yote miwili, akampiga kofi, kisha akamkumbatia akalia upya, safari hii kwa sauti kubwa kuliko jana.

Alipotulia alieleza. Mafiga ni mtaa wa madereva, na kila mtu anajua dereva akifa njiani wenzake hurudisha alichokivaa. Mwaka uliopita jirani yao aliletewa viatu vya mumewe hivyo hivyo. Basi jana jioni Godfrey alisimama mlangoni, amevua kofia yake, ameishika ya Stambuli kwa mikono miwili. Hakuwa hata amefungua kinywa. Mwanamke wa kwanza aliyemwona akapiga yowe, wa pili akampokea, na nyumba nzima ikalipuka. Godfrey naye, alipoona watu wote wanagaragara, akadhani amefika kwenye nyumba yenye msiba. Na mtu mwenye adabu hazungumzi habari za harusi penye msiba. Aliiweka kofia juu ya mkeka, akasema poleni sana, Mungu awape subira, akaondoka kwa kuwa gari lake lilikuwa limeziba njia.

"Poleni," alisema Stambuli, na yeye mwenyewe hakujua anamwambia nani. "Na wakwe?"

"Wapo. Walikuja na mchele wa harusi, wakaukuta msiba, wakautoa mchele upikwe. Mshenga amesema binti haozwi juu ya kilio, watarudi baada ya arobaini."

Stambuli alishusha pumzi kutoka vidoleni. Kumbe hawakukasirika. Kumbe kufa kulikuwa udhuru mzuri kuliko pancha. "Basi arobaini ya nini tena? Mimi nipo. Mwite mumeo, shemeji Maneno, sheikh yupo, tumalize leo."

Mwaisha aliangalia chini.

"Baba Raya amekufuata wewe Ruaha," alisema. "Ameondoka alfajiri na pikapu, na sanda."

Kwa hiyo mjomba alifika, na baba hayupo, na pasipo baba sheikh hafungui kitabu. Mshenga, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikaa akalipima jambo lile. Mara ya kwanza mjomba hayupo, alisema, mara ya pili mjomba hayupo. Leo mjomba kaja hata baada ya kufa, na baba hayupo. Watu walicheka. Mama wa bwana harusi hakucheka. Alisema kwa upole kwamba usafiri wao unarudi Dakawa kabla ya magharibi, na kwamba mambo yanayokataa mara tatu, mtu mwenye akili hayalazimishi.

Ndipo Stambuli akaketi kungoja. Katika maisha yake yote alikuwa amengojwa, kungoja hakukujua. Alikaa kwenye mkeka ule ule alioliliwa, akisikiliza kila injini barabarani. Aliyajua magari kwa mlio, na kila lililopita alilijua kwamba siyo. Chai yake ikapoa, ikapashwa, ikapoa. Alitazama wanawake wakichungulia uchochoroni na kurudi, akaona jinsi shingo inavyochoka. Akaona jinsi mtu anavyoanza kwa wasiwasi, akaingiwa na hasira, halafu akarudi kwenye wasiwasi ambao ni mbaya zaidi. Aliona aibu, aibu ya kweli, na hakujitetea nayo. Adhuhuri ikapita. Mama wa bwana harusi akaanza kuvaa viatu.

Pikapu iliingia watu wakitawadha kwa alasiri. Maneno alishuka, mtu mfupi aliyejaa vumbi, sanda kwapani. Kule Ruaha, muuza vitunguu alikuwa amemwambia marehemu wake ameondoka alfajiri akiimba. Alimwendea shemeji yake moja kwa moja, akamshika bega, akalibonyeza kuona kama lina nyama.

"Ulipishana nasi Mikumi ukatupigia honi," alisema. "Nilikuwa chini ya turubai. Nikakutukana, nikasema ni mwendawazimu gani huyu anayefurahi wenzake wana msiba."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimesamehe. Kaa huko huko ulipo, usiende popote."

Mama wa bwana harusi alivua viatu tena. Hapo Mafiga ikapata kigelegele chake cha kwanza, na turubai la kilio likageuka la harusi bila kufunguliwa kamba hata moja. Rehani akadai jogoo kama fidia ya machozi yake, akapewa kwa kuwa mtani hanyimwi.

Kabla ya kutamka neno, mjomba huingia ndani kumwuliza binti. Raya alikuwa ameketi kitandani, amejitanda kanga, macho yamevimba. Alimpa mjomba wake shikamoo, akaitikiwa. Stambuli akamwuliza kama ameridhia, kama desturi inavyotaka.

"Nimeridhia, mjomba," alisema Raya. Akavuta ncha ya kanga. "Jana kofia ilipoletwa, wote walilia. Mimi nilijifungia humu nikaomba. Nikasema, Mungu wangu, iwe amechelewa tu. Hata ndoa ivunjike, iwe amechelewa tu kama siku zote."

Stambuli akamwekea binti yule mkono kichwani, akakaa hivyo mpaka Mwaisha alipokohoa mlangoni.

Nje wanaume walikuwa wamejipanga kwenye mkeka, Maneno mkono wa kulia, sheikh kushoto, mahali pake pakiwa wazi. Akaketi. Mshenga akauliza mwenye binti anasemaje. Stambuli akasema nimemtoa, kwa sauti ndogo hata mzee akatega sikio na kumwomba arudie. Akarudia, na safari hii walisikia hadi wanawake waliokuwa jikoni.